Kidole Gumba Juu ya Jina la Bibi

Miburani,
Mafia.
20 Juni, 2014

Mpendwa mpwa wangu Biubwa,

Marahaba, tena marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukiuona tu mwandiko huu utasema shikamoo Mjomba papo hapo Maskati ulipo. U hali gani? Baba watoto hajambo? Furaha na mdogo wake je? Joto la huko tunalisikia kwa watu, wanasema yai linaiva juu ya ukuta. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mama yako Bimkubwa miguu inamsumbua, na mimi nina jambo limenikaa kooni. Nitalifikia, usinikimbize.

Sikupiga simu kwa sababu mama yako huisikia simu yangu hata akiwa jikoni. Tena kwenye simu najijua, ningeanza masihara.

Kwanza nikukumbushe kazi yenyewe, ukiwasimulia wenzako huko usinipunguzie. Mwalimu Devota, yule Mhaya anayefundisha historia sekondari, alianzisha kikundi cha watu wa kujitolea. Vitabu vya zamani vya mashamba, vya enzi ya Mwingereza, vilivyoandikwa nani ana minazi mingapi na mpaka wake uko wapi, vinapigwa picha. Halafu kila jina tunaliingiza kwenye kompyuta, ili mtu akimtafuta babu yake amkute. Sasa vya Kirongwe vimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wenye digrii walivigeuza juu chini wakachoka. Mimi wa darasa la nne ndiye niliyevisoma, bakora za chuo cha Kurani hazikwenda bure. Nilisoma upesi mpaka kompyuta ikapata moto, Mwalimu akawa anaipepea kwa kawa la kufunikia chakula.

Muda nilikuwa nao. Tangu hifadhi ya bahari ilipokataza nyavu za juya, nahodha mkubwa kama mimi nimekuwa mtu wa nchi kavu.

Sharti lao moja: unaandika unachokiona, si unachokijua. Hilo lilinipa tabu, wewe unanijua.

Sasa bibi. Mama yake baba yetu alifariki baba akiwa bado ananyonya. Waliomlea wakimtaja walisema "marehemu mama yako", basi. Mke wa watu enzi hizo hakuitwa jina lake ovyo, aliitwa kwa mumewe au kwa mwanawe, na waliolijua wakafa nalo. Kila Shaaban tukisoma hitima na kuwataja wazee wetu mmoja mmoja, wote wana majina, yeye ni "na mama yake Mfaume", yaani mama wa baba yetu. Hilo limemuuma mama yako tangu msichana. Mwaka huu, kwa hali ya hiyo miguu na presha, alisema anataka amsikie bibi yake akitajwa kabla yeye mwenyewe hajawa wa kutajwa.

Wewe ukanipigia mwezi wa nne: "Mjomba, umelipata?" Nikakujibu limo mfukoni. Ukamwambia mama yako. Mwanangu, halikuwamo. Nilikuwa na hakika tu kwamba litakuwamo kitabuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa sandukuni kwa Mzee Kombo wa Kirongwe, ambaye babu yake alikuwa karani wa mashamba. Tulikipiga picha Februari. Mwalimu alileta ukanda wa kitambaa wa kubania kurasa zisijikunje. Mimi nikaukataa. "Mwalimu, mkono huu umemshika papa mkia, utashindwa na karatasi?" Ukweli ni kwamba nilitaka mkono wangu uonekane, ili vitukuu wajue nani alikuwapo. Basi umo. Kurasa mia moja na kumi na nne, kila mmoja una dole gumba langu pembeni.

Mwezi wa tano nikaufikia ukurasa wa tisini na moja, mstari wa sita. Unasema: "binti Shamte, mke wa Matano bin Mfaume, Kirongwe, minazi arobaini na miwili, mali yake mwenyewe." Matano bin Mfaume ndiye babu. Mali yake mwenyewe, Biubwa! Na sisi miaka yote tunaambiwa aliolewa na kanga mbili mkononi. Lakini herufi zile husomwa kutoka kulia, na jina ndilo linaloanza, na pale mwanzo wa mstari ndipo dole lilipokaa. Ukucha mzima, na kovu lake.

Mwalimu Devota akainama kutazama. "Mzee Suleimani, hiki kidole si cha kwako?"

Nikasema vidole hufanana.

"Mbona kina lile kovu la papa?"

Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na wewe lihifadhi: kovu lile nilikatwa na mbuzi ya kukunia nazi.

Siku ile ile tukapanda pikipiki hadi Kirongwe. Mzee Kombo akatutolea sanduku. Masika yalipita paani, mchwa wakaja kumalizia. Nilikichota kitabu kwa kiganja kama unga ulioota ukungu. Yeye akanitazama kwa upole kabisa: "Lakini si mnazo picha?"

Nikawaulizia akina Shamte wa Kirongwe, nyumba baada ya nyumba. Wako wengi, wakarimu, nimekunywa chai mpaka nikavimba. Hakuna anayemjua.

Siku tatu nilikaa na ile picha. Niliikuza, nikaigeuza, nikaichungulia kwa pembeni kana kwamba dole litasogea. Ukingoni mwa ukucha kuna nukta moja tu inachungulia. Nukta moja inaweza kuwa ya majina mia. Mwisho Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, pale kwenye jina andika haisomeki." Nikaandika. Bibi yangu mzaa baba, kwa mkono wangu huu: haisomeki.

Nikamfuata mama yako. Alikuwa anachagua mchele wa hitima. Njiani nilikuwa nimeshachagua jina, Mwanaharusi, linapendeza, na nani angepinga? "Haya, litoe mfukoni," akasema. Badala yake nikamweleza habari ya dole, sijui ilitokaje. Aliendelea kuchagua mpaka mchele wa ungoni ukaisha.

"Tangu mdogo unanidanganya wewe. Ulilala tumboni mwa nyangumi ukatoka na kikoi kikavu. Leo ndiyo umekosa uongo?"

"Nikutungie, dada?"

"Nitungie."

Nikafungua mdomo. Wallahi Biubwa, halikuja. Hata lile Mwanaharusi lilikuwa limenikimbia. Akaongeza mchele ungoni, akaendelea.

Hitima ilisomwa Ijumaa iliyopita, watu walijaa mpaka uani. Kusoma majina ni kazi yangu kwa ajili ya sauti, sauti hii ikipata upepo inafika kisiwa cha Chole. Nikawataja wote, nikafika kwake, nikakwama. Wakadhani nimepaliwa, mtu akaniletea maji. Mama yako akaita kutoka upande wa wanawake: "Soma ulichokiona." Nikasoma: binti Shamte, wa Kirongwe, mwenye minazi arobaini na miwili. Watu wakaitikia, Mungu amrehemu. Nikamsikia mama yako analia, na sikujua ni kilio cha namna gani, wala mpaka leo sijathubutu kumuuliza.

Basi na wewe ukipiga simu usimuulize. Wala usiniambie huko kuna mafundi wa kuondoa dole kwenye picha. Nimeshauliza. Chini ya dole hakuna kitu, mashine haikukiona.

Mama yako anakusalimu sana, ingawa hajui nimekuandikia. Mwalimu Devota anakusalimu. Mzee Kombo naye, kila tukikutana ananiomba radhi ya paa lake. Nisalimie baba watoto, wabusu wanangu hao. Mungu awahifadhi ugenini, awape afya, awarudishe mkiwa wazima. Na majina yenu nyote, la mama yako na la kwako, yaandike mahali, katikati ya karatasi, mbali na ukingo.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na nisiye na la kufanya,

Suleimani Mfaume Matano