Pijo ya Baba na Harusi ya Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Betri imekufa tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Majirani wawili wamenisaidia kuisukuma Pijo, gari alilotuachia Baba, hadi kwenye mteremko, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi. Ikakohoa, ikawaka. Nimefika shuleni kengele imeshagongwa, mikono ina grisi. Kidato cha tatu wamenicheka. Mada ya leo ilikuwa mkondo wa umeme. Wana haki ya kucheka.

Zimebaki siku kumi na tisa. Mama anaolewa. Naiandika tena kwa sababu napenda kuiona kwenye karatasi: Mama anaolewa. Ana miaka sabini na moja. Bwana harusi ni Mzee Magesa wa Sengerema, fundi seremala mstaafu, mjane kama yeye. Walikutana kliniki ya macho. Wote wawili walikuwa hawaoni namba zao, wakasaidiana kukisia.

Mama ameomba kitu kimoja tu. Apelekwe kanisani kwa Pijo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimenunua betri mpya. Nimeifunga mwenyewe uani, na Mama amesimama kando na kikombe cha chai, ananikagua kama mkaguzi wa elimu. Selfu, mota ya kuwashia injini, imezunguka kwa nguvu. Mama akapiga makofi.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimekunywa soda mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Betri mpya imekufa. Siku mbili tu. Nimekaa nyuma ya usukani kama mtu aliyetukanwa.

Masanja amepita jioni kutoka Buzuruga. Ni kaka yangu mkubwa, ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Habari za harusi hazipendi, na hafichi. Ameitazama Pijo, akatikisa kichwa.

"Baba amekataa," akasema. "Hamuoni? Amekataa gari lake limbebe mke wake kwa mwanamume mwingine."

Mama alikuwa mlangoni. Amesikia. Amegeuka akaingia ndani.

Nimemchukia Masanja kwa muda wa saa nzima. Kisha nikamwonea huruma. Kisha nikamchukia tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Fundi Hashim, Mkuyuni. Fundi umeme wa magari, mtaratibu, anavaa miwani miwili kwa pamoja anapoangalia waya. Ameipima alteneta, ile inayochaji betri. Nzima. Ameipima betri. Nzima.

"Mwalimu, gari lako linachaji vizuri. Tatizo, likilala linaendelea kula moto wa betri. Kuna kitu hakilali."

Nimemuuliza ni kitu gani. Akacheka. Gari la umri huu, akasema, limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha waya wake. Angeweza kulifumua lote, lakini itamchukua mwezi. Sina mwezi.

Nimerudi nyumbani nikiwa nafurahi kwa namna fulani. Kitu ambacho hakilali. Hicho kinapimika. Marehemu hapimiki.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeazima mita ya maabara. Nimemwandikia mkuu wa shule barua, sababu: "utafiti". Si uongo.

Saa kumi alasiri, uani. Nimechomoa waya wa hasi kwenye betri, nikaiweka mita katikati ili umeme wote upite humo. Funguo mfukoni, milango imefungwa, kila kitu kimezimwa. Gari kama hilo linatakiwa lisile kitu, isipokuwa saa ya kwenye dashibodi, nayo kidogo sana. Mita ikaandika karibu ampea moja.

Nimepiga kelele. Mama akatoka mbio akidhani nimepigwa shoti. Nikamwonyesha namba. "Huyo ndiye mwizi wetu," nikamwambia. Mama akainama, akaiangalia mita kwa muda mrefu. "Mbona mdogo hivyo?"

Mdogo, lakini hapumziki. Mchana na usiku. Siku mbili zinamtosha.

Kisha fyuzi. Moja baada ya nyingine, nachomoa, naangalia namba, narudisha. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, namba ikaanguka hadi sifuri. Mama ndiye aliyeiona kwanza, maana ndiye aliyekuwa akinisomea, na miwani yake mipya. Alicheza uani. Kweli alicheza, na kanga ikamfunguka.

Alhamisi, 14 Agosti

Fyuzi ya tatu inalisha saa, honi na taa ya ndani. Nimetoa waya wa saa. Namba ikasogea kidogo mno. Nimetoa honi. Hakuna. Nimetoa balbu ya taa ya ndani. Hakuna.

Hakuna kingine kwenye mchoro. Nimeusoma mara nne. Nimelala chini ya dashibodi hadi shingo ikakakamaa.

Hasira. Ningeweza kuichomoa tu hiyo fyuzi siku ya harusi, mambo yakaisha, tukaenda bila honi. Fundi Hashim amenishauri hivyo hivyo kwa simu. Lakini Masanja atabaki na maneno yake, na Mama atabaki nayo pia. Mama hajayarudia, ila tangu Ijumaa haimbi akipika. Nataka kumwonyesha kitu chenyewe. Nataka akishike mkononi.

Mama ameuliza, akiwa anachambua mchele, hakunitazama: "Na kama ni kweli baba yako hataki?" Nikamwambia Baba alikuwa akitaka kukataa kitu anakisema, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. Akatabasamu nusu.

Jumapili, 17 Agosti

Leo lazima niandike vizuri. Mbavu bado zinauma kwa kucheka.

Baada ya misa nilifungua buti la gari kutafuta spana. Taa ndogo ikawaka, kama kawaida. Nimeiona mamia ya mara. Leo nikasimama. Taa ya buti haimo kwenye mchoro. Baba aliifunga mwenyewe. Alikuwa bwana mifugo, alizunguka vijijini na sanduku la chanjo, na giza likimkuta zizini alihitaji kuona sindano zake. Taa ikiwaka buti likiwa wazi, nani atashangaa? Swali ni likifungwa. Likifungwa, nani anaona?

Nikaingia ndani ya buti. Nina miaka arobaini na tisa na si mwembamba. Nikamwambia Mama afunge. Akakataa, nikambembeleza, akafunga.

Taa ikabaki inawaka. Ilikuwa inawaka mbele ya pua yangu kabisa, ya njano, imetulia. Ina joto. Nikaanza kucheka peke yangu humo ndani.

Kisha nikamwambia Mama afungue. Funguo ikazunguka, buti halikufunguka. Akazungusha tena. Akaanza kuita jina langu kana kwamba nimesafiri. Nikamwambia nipo, naona vizuri, kuna taa. Hilo halikumtuliza.

Hapo ndipo Masanja alipofika. Alikuja, amekiri baadaye, kumwambia Mama hatahudhuria harusi. Akamkuta Mama ameinamia gari la Baba, analipigapiga, analiambia, "Vumilia, mwanangu." Na gari linamjibu.

Nilisikia viatu vyake vikikimbia. Akabonyeza kifuniko kwa goti, akazungusha funguo, akainua. Kumbe lazima ubonyeze kwanza. Baba alimfundisha, mimi sikuwahi kujua.

Tulitazamana. Mimi nimejikunja juu ya tairi la akiba. Yeye na suti ya kanisani.

"Unafanya nini humo?"

"Taa haizimiki."

Akaangalia taa. Akaniangalia mimi. "Si ungeweka simu irekodi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwalimu wa fizikia, miaka ishirini na mbili kazini. Mama alianza kucheka yeye kwanza. Akaketi chini kabisa, uani, na gauni lake la Jumapili. Masanja akajaribu kujizuia, akashindwa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba wa Baba.

Tukaichunguza pamoja. Kuna kitufe kidogo ukingoni. Kifuniko kikishuka kinatakiwa kukibonyeza ili taa izime. Kwenye kifuniko palikuwa na kipande cha mpira, kimeoza, kimedondoka. Kifuniko hakikifikii kitufe tena. Basi. Hayo tu. Masanja alikigusa kitufe kwa kidole, taa ikazima. Akaachia, ikawaka. Akarudia mara kadhaa.

"Nilimshikia tochi siku anaifunga hii," akasema. "Nilikuwa darasa la tano. Alinigombeza kwa sababu mkono ulitetemeka."

Mama akamwambia, taratibu, kutoka pale chini alipoketi: "Masanja, baba yako simsahau. Hata Magesa hajaniomba nimsahau."

Masanja alivua koti. Akaomba ndala kuukuu na kisu.

Jumatatu, 18 Agosti

Kipande cha ndala, kimegandishwa kwa gundi ya viatu. Mita: karibu sifuri, ni saa tu inayokula kidogo. Nimeirudisha maabara. Kwenye daftari la huko, sehemu ya matokeo, nimeandika "mazuri".

Jumatano, 20 Agosti

Siku mbili bila kuliwasha, kwa makusudi. Asubuhi nikageuza funguo. Ikawaka mara moja.

Mama anaimba jikoni. Anaimba vibaya. Naomba asiache.

Jumamosi, 23 Agosti

Masanja ndiye aliyeendesha. Hakuniomba, alinyoosha mkono tu, nikampa funguo. Mama na mimi nyuma. Gauni la rangi ya maziwa, kilemba, viatu vya chini kwa sababu ya magoti.

Kivuko cha Kamanga, cha kuvukia ziwa kwenda Sengerema. Tuliwekwa mbele kabisa, magari mengine yote nyuma yetu. Wakatuambia tuzime injini. Masanja akanitazama kwenye kioo. Humo hakuna mteremko. Ikigoma, hakuna atakayetoka. Nikamwambia azime.

Abiria wakagundua kuna bibi harusi. Akina mama wakaja dirishani na vigelegele. Mmoja akauliza binti yuko wapi, akidhani Mama ni wa kumsindikiza tu. Mama akashusha kioo. "Binti ni mimi." Vigelegele vikaanza upya, mara mbili. Mchuuzi mmoja akampa samaki wa kukaanga kwenye gazeti, zawadi. Mama akamla mzima, tukiwa katikati ya ziwa, kitambaa kimetandazwa mapajani, mimi nikilinda gauni.

Mlango wa kivuko uliposhuka, Masanja akageuza funguo. Ikawaka. Akapiga honi, ndefu, bila sababu yoyote. Mama akamgusa bega kwa nyuma na mkono akauacha hapo mpaka tulipopanda barabara.

Kanisani Mzee Magesa alikuwa amesimama nje, suti ya kahawia. Masanja alimfungulia Mama mlango. Akasogea kwa mzee, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Baba."

Nililia. Sijali nani aliona.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimevuka kuwatembelea. Mzee Magesa anatengeneza kabati, ila miguu haijalingana na Mama anamwambia. Wanakunywa chai bila sukari, amri ya daktari, na wanalalamika pamoja.

Alasiri Mama alituambia mimi na Mzee Magesa tutoke naye kidogo kwa Pijo. Tukaenda uwanja wa mpira wa shule ya jirani, hakuna mtu. Akaniambia nishuke nikae kiti cha abiria, akazunguka mbele ya gari, akaketi kwenye usukani. Maisha yake yote hajawahi kuendesha. Nilimuuliza kwa nini sasa. Akasema hakuna sababu.

Nilimwonyesha klachi. Alizima mara tatu. Mara ya nne tukaondoka, polepole kuliko mtembea kwa miguu. Mzee Magesa, aliyekuwa ameshuka, alitembea pembeni ya dirisha, mikono nyuma. Jua lilikuwa limepoa. Nyasi zilisikika chini ya magurudumu.

Nikamwambia tunakaribia mwisho wa uwanja. Akasema anaona. Akauliza kona inakatwaje.