Dole Lako Kwenye Nta

Baba yangu,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu.

Nimekaa juu ya sanduku langu la shule, hapa nyumbani Chanika, Handeni. Kesho asubuhi natakiwa kupanda basi la Korogwe. Baba mdogo Ramadhani yuko uani na hajanisemesha tangu jana. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumwonea aibu.

Unakumbuka sufuria mbili? Kubwa ya maji, na ndogo ya masega ukiielesha ndani yake. Nilikuuliza kwa nini usiweke nta moja kwa moja motoni, tumalize haraka. Ulisema, "Moto hauna kiasi, mwanangu. Maji yana adabu. Yakifika pao hayazidi." Nikachochea kuni hadi macho yakatoka machozi, nikitaka kuyaona maji yakivunja adabu. Yalitoa mvuke tu, na nta yako haikuungua.

Halafu ulikuwa ukiichuja, unaimimina kwenye mabakuli na kuyafunika kwa gunia ipoe polepole. Kabla haijaganda kabisa ulifunua na kubonyeza dole gumba katikati ya kila mkate wa nta. Hukuwa na muhuri mwingine. Yule mama wa Mombo, aliyekuwa akinunua nta yako kutengeneza mafuta ya kupaka na kuwauzia abiria wa mabasi, hakuwa hata akikagua. Alipapasa shimo la dole lako, akafunga mzigo.

Muhula uliokwisha mwalimu wa kemia alitufundisha kiwango cha kuyeyuka na kiwango cha kuchemka. Wenzangu walinakili. Mimi nilikuwa nikitabasamu peke yangu, kwa sababu adabu ya maji ilikuwa ubaoni, imeandikwa kwa namba. Mwalimu alisema kila kitu safi kina mahali pake, na ukipajua unaweza kukitambua hata kama hakina jina. Vitu viwili vyeupe vinavyofanana kwa macho, ukivipasha moto, kila kimoja kitajitaja chenyewe. Akatuambia tulete vitu kutoka nyumbani tuvipime.

Nilipeleka nta. Si yako. Ilikuwa kipande cha mkate alionipa Baba mdogo shule ilipofunguliwa, wenye dole lake katikati, kwa sababu tangu utuache kazi ni yake. Nilisimama mbele ya darasa, mimi ambaye huwa sijibu hata jina langu likiitwa, nikasema hii ni nta ya nyuki wa Handeni, inayeyuka kati ya sitini na mbili na sitini na nne. Nilikuwa nimesoma kitabuni.

Ilianza kuyeyuka kipimajoto kikisoma hamsini na tatu. Ikajivuta, ikajivuta, ikamaliza sitini na moja. Mwanaidi, tunayekaa naye dawati moja, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Zuhura, nyuki wenu wanaishi kwenye mshumaa?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Kitu kikichanganywa huanza mapema na huchelewa kumaliza. Hii imeingiliwa."

Nilijibu kwamba nimekosea kupima.

Sandukuni nina kipande chako cha mwisho, kile chenye dole. Niliogopa kwamba kukipima ni kukiyeyusha. Kumbe kipimo kinahitaji punje tu, ndogo kuliko ya mchele, kwenye mrija mwembamba wa kioo. Nilikwangua upande wa nyuma, nisiguse dole, nikarudi maabara siku iliyofuata. Sitini na mbili. Sitini na nne. Mwalimu akauliza kama ni nta ileile ya jana. Nikasema ndiyo. Akaniwekea alama ya vema. Sijawahi kuona aibu kwa alama ya vema, Baba, ila siku hiyo.

Likizo niliporudi nilikuta kuku wanavuta nyuzi nyuma ya jiko. Zilikuwa tambi za mishumaa ya dukani, zimechomolewa nzima nzima, rundo zima. Sikumuuliza Baba mdogo. Ningemuulizaje? Yeye ndiye anayenilipia shule. Yeye ndiye aliyempeleka mama hospitali na kulala naye kwenye benchi. Mizinga mwaka huu haikujaa, nayo haikujaa kwa sababu yeye si mtu wa porini kama wewe. Si mtu mbaya. Ndiyo maana nilikosa pa kutokea.

Mwalimu alituonyesha pia barafu. Inapoyeyuka unaendelea kuipa joto, lakini kipimajoto kinasimama palepale, hakisogei mpaka barafu yote iishe. Nimekuwa hivyo likizo nzima. Kila siku joto linaingia, nami niko palepale.

Jana Baba mdogo alimimina mikate kumi na miwili. Mama wa Mombo amelalamika kwamba mafuta yake yanageuka uji ndani ya makopo kabla hayajafika kwa mnunuzi, na kwamba dole limebadilika. Basi Baba mdogo akaniita. "Weka dole lako wewe," aliniambia. "Wewe ndiye damu yake. Atalijua." Akaenda msikitini, akaniacha na mabakuli.

Nilifunua gunia. Nta ilikuwa laini, tayari. Nilinyoosha dole, likakaa hewani. Sikuwa na ujasiri wa kukataa, wala wa kumwaga, wala wa kukimbia. Nikakumbuka kwamba nta nayo ina kiwango chake. Ikishapoa haimsubiri mtu. Nikakaa kwenye kigoda, mikono chini ya mapaja, nikasubiri.

Aliporudi alipapasa mkate mmoja, kisha wa pili. Yote bapa juu kama sahani, bila shimo.

"Umesahau?"

"Sikusahau, Baba mdogo."

Alitazama rundo la tambi kule nyuma ya jiko. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na yule mama nitamwambia nini?" Nikayafunika mabakuli tena kwa gunia.

Sijui kama kesho atanipeleka stendi au ataniambia nibaki. Nikifika shule, nitamwambia mwalimu kwamba namba ya kwanza ilikuwa sahihi na ya pili haikuwa ya nta ileile. Nisipofika, basi nimekwambia wewe.

Mikate kumi na miwili iko chini ya gunia, haina dole la mtu yeyote.

Pumzika, Baba. Kipande chako nimekifunga kwenye kanga ya mama, mbali na joto.

Ni mimi, binti yako mchochea kuni,
Zuhura