Wiski ya Mzee Patrick

Jumamosi jioni, Bankstown

Bado nacheka peke yangu. Leo nimempelekea muuza vitu vya kale ile chupa ya wiski ya Ireland aliyoniachia Mzee Patrick, niliyekuwa namwogesha kazini, kwenye makao ya wazee, hadi alipofariki. Ameigeuza, akasoma maandishi ya kwenye kitako. Kiwanda kilishafungwa zamani, akasema, na wiski yake inatafutwa sana.

Kisha akafungua kizibo, akanusa. "Haya ni mafuta ya zeituni."

Ikabidi nimweleze. Mama mkwe wangu hataki pombe nyumbani, kwa hiyo aliimwaga akatia mafuta ya upako ya maombi ya Jumatano. Chupa peke yake, akasema muuzaji, haina thamani kubwa.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Nimemkuta Mama jikoni, nikamwambia kwamba alichomwaga kilikuwa mali.

Ameangalia mlango kwanza. "Nani amekuambia nilimwaga? Iko chumbani, kwenye kidumu. Najipaka magotini."

Na Jumatano iliyopita ndiye aliyesimama kushuhudia kwamba Bwana amemponya magoti. Vigelegele vya kwanza vilikuwa vyangu.