Jiwe Nililotaka Kulitupa

Jumanne, baada ya Isha

Jiwe! Jiwe hasa, si doa la kamera.

Wiki nzima nahesabu mawe yaliyoruka kutoka kwenye asteroidi, ule mwamba wa angani uliogongwa makusudi na chombo cha angani, ili tujue kama tutaweza kuusukuma mwingine siku ukitujia sisi. Picha naletewa na timu ya ng'ambo. Kila nukta hafifu nilikuwa naifuta. Uchafu tu, nikijiambia.

Leo alasiri nilikuwa uani na mama, tunachambua karafuu. Karafuu kwenye jamvi, makonyo, vile vikonyo vyake, kwenye pakacha. Mkono ukasita. Kwetu hata kikonyo hakitupwi, nacho kina mnunuzi wake. Mbona kule natupa tu?

Nikakimbilia kompyuta, vidole vinanuka karafuu. Nikazirudisha zile nukta, nikazitazama picha kwa mfuatano. Doa la kamera huonekana mara moja likatoweka. Lakini nukta hii moja inaifuata asteroidi picha baada ya picha!

Nikapiga ukelele. Mama akaja mbio.

"Jiwe, mama! Nimeliona!"

"Laja huku?"

"Haliji."

"Basi wapigiani ukelele? Watu watasema tumefiwa!"

Hesabu niliyokwisha kuituma ina kasoro, na kesho sina budi kuwaambia wale wa ng'ambo. Naogopa, lakini jiwe lipo, na huenda yapo mengine...

Na mama alisema kweli: jirani yetu Bi Mwanaisha alikuwa keshafika mlangoni, kajitanda kanga, tayari kwa msiba. Nikamwonesha jiwe. Akalitazama weee.

"Poleni hivyo hivyo," akasema.