Maksai Wawili wa Mayunga

Mpanda, Jumapili, Agosti 1996

Mimi ni mtu wa bahati bwana. Niliacha shule kidato cha pili kwa hiari yangu, na leo nauza mchele sokoni Kashaulili, nina viatu vya kutoka Dar, na wenye digrii ndio wanaoanza kunisalimia.

Leo mdogo wangu Mayunga kaja na barua ya chuo kikuu. Chuo ni cha serikali, lakini siku hizi mzazi naye lazima achangie. Baba anauza maksai wawili, hao hao wanaotulimia. Nikaona wivu. Mimi sikuuziwa hata kuku!

Basi nikaanza kumponda mbele ya watu. "Utamaliza, uzunguke na bahasha ya vyeti kila ofisi. Serikali haimpangii mtu kazi siku hizi. Jirani yetu si ana digrii? Anashinda kwenye bao!" Soko zima likacheka, nami nikanogewa.

Mayunga hakucheka. "Sawa kaka. Wewe uliacha shule na maisha yamekunyookea. Kesho namwambia baba asiuze ng'ombe. Nitabaki nikusaidie kupima mchele."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

Furaha imeisha, sasa naogopa. Kesho nimuwahi kabla hajafika kwa baba, nimwambie asichokijua kwa sababu alikuwa mtoto. Baba anajua, ila hajawahi kuniumbua.

Sikuacha shule. Nilifeli mtihani, nikaondolewa, nikalia wiki nzima.