Unyayo wa Babu Juu ya Jiwe

Jumatatu, 8 Juni. Mlali
Nimemwagilia kabichi. Chai kavu. Halafu Masanja kaja kubishana, kama kawaida.

Habari ya njia ya mawe kule mlimani wote wanaisimulia vibaya. Wenye shule wanasema kaijenga Mjerumani. Masanja anasema Wanyamwezi wenzake, wabeba pembe. Waongo. Kaipanga babu yangu, Mluguru, na kwenye jiwe la juu kabisa kaacha unyayo wake. Nimeuona. Mkubwa kama karai.

Masanja kacheka mpaka kakohoa. Mtani wangu huyu tangu tuna meno yote. Kasema twende akauone, halafu tushukie Matombo kwa binti yake. Nikasema twende. Mdomo wangu huu.

Jumatano, 10 Juni. Mgeta
Tumelala kwa mkulima wa karoti. Baridi ya kuua kuku. Kifua cha Masanja kinalia. Nimesema turudi. Kasema nakimbia. Mimi? Niliyemfukuza chui kwa mwiko?

Sikupenda kile kikohozi.

Alhamisi, 11 Juni. Matombo
Njia haina mtu. Siku hizi wote bodaboda, barabara ya chini. Mizizi imeng'oa mawe, yaliyobaki yanateleza. Ukungu. Kila jiwe kubwa Masanja anauliza, "Hili?" Nasema bado, mbele.

Mchana kakaa chini. Nikamwambia, babu zako walibeba pembe za tembo, wewe koti tu limekushinda.

Hakujibu.

Hajawahi kukosa jibu. Hata siku tunamzika mkewe alinijibu. Nikamtukana tena, vibaya zaidi. Midomo ya kijivu.

Nimemfunika koti langu. Nimepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akina mama waliokuwa wanakata ndizi bondeni wakasikia. Tumemshusha kwa miti miwili na vitenge, mpaka zahanati.

Ijumaa, 12 Juni
Nimonia. Nesi kanifukuza mlangoni, eti nazunguka sana. Sijala.

Nyamizi, binti yake, kaniamkia shikamoo bila kuniangalia. Kauliza baba alifuata nini kule juu. Nikasema jiwe.

"Lipo?"

Nikasema lipo.

Jumamosi, 13 Juni
Bado.

Jumapili, 14 Juni
Kaamka. Kanywa uji nusu kikombe. Wagonjwa wenzake wanamuuliza kuhusu lile jiwe, habari imeshaenea.

Kawaambia, "Nimeliona kwa macho yangu. Unyayo mdogo kama wa bata. Ndiyo maana Waluguru hawajawahi kufika mbali."

Wamecheka wote. Nyamizi naye. Mimi nimetoka nje kidogo, vumbi limeniingia machoni.

Nikarudi nikammenyea ndizi. Kala taratibu, anaangalia mlima dirishani.

Njia ipo. Babu alikuwepo. Unyayo niliutunga Jumatatu ile, chai ikiwa bado ya moto. Sijamwambia. Anajua.