Bosi Aliyepiga Marufuku Salamu

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Elerai tu wazima. Babu yako anakohoa makusudi apate supu.

Umeuliza utamzoeaje bosi mkali. Biashara ilipoachiwa huria, niliajiriwa shamba la maua la mgeni mmoja, kule kijiji cha Maji ya Chai. Akapiga marufuku salamu: “Kazi kwanza!” Tukatii, hata yeye tukawa tunampita kimya. Wiki haikuisha, akanijia mnyonge.

“Mama Eli, mbona hamniulizi habari za mke wangu?”

“Kazi kwanza, bosi.”

Kesho yake alitusalimia wote, akaulizia hata hali ya ng’ombe wangu.

Basi mvumilie wako, ila jichunge. Mimi niliambukizwa haraka zake, hadi leo babu yako akitaka kunisalimu huanza, “Samahani bosi, una nafasi?”

Bibi yako